Tuongee kabla karatasi haijatiwa sahihi



Kila mwaka mwezi wa Septemba, sisi walimu tunaona jambo lile lile. Masomo yanafunguliwa, karatasi ya malipo inabandikwa ukutani, na wazazi wa watoto wa sekondari wanakuja kulalamika. Mama mmoja anasema ana watoto watatu, mwingine anasema bwana hajalipwa mshahara. Yote ni kweli. Lakini prefe anayepokea malalamiko hayo hakupanga bei ile. Kwa kawaida, malipo ya masomo katika jimbo yanapangwa kwa arete, yaani karatasi ya uamuzi inayotiwa sahihi na gavana. Na kabla ya sahihi hiyo, watu wamekwisha kukaa mezani: wakubwa wa elimu, wasimamizi wa masomo, wajumbe wa vyama vya wazazi. Wamejadiliana, wamepunguza hapa, wameongeza pale. Mama anayepiga kelele Septemba anamlilia mtu asiye na uwezo, juu ya jambo lililokwisha.

Wahenga walisema: samaki mkunje angali mbichi. Uamuzi wa leta ni kama samaki huyo. Ungali mbichi, hata kundi dogo la wamama linaweza kuukunja. Ukikauka, hata wenye nguvu wanashindwa.

Juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo hilo: namna ya kufika mapema, mahali panapofaa, na neno linaloweza kufanyiwa kazi. Wengine wanaita utetezi. Mimi naita kujua mlango na saa ya kubisha.

Makampuni makubwa yanafanya nini

Tuanze na wale wanaoijua kazi hii kuliko sisi. Makampuni makubwa ya migodi, ya simu na ya benki yana watu walioajiriwa kwa kazi moja: kufuata mambo ya leta. Wanajua sheria gani inatayarishwa, imefika katika ofisi ya nani, na nani atatoa maoni. Hawangoji itangazwe kwenye redio. Wanaomba kuonana na wakubwa wakati maneno bado yanaandikwa kwa kalamu ya risasi.

Hapa kwetu tunaikumbuka Sheria ya Migodi. Ile iliyotangulia ilikuwa ya mwaka 2002, na leta ilipoanza kuirekebisha, kazi ilichukua miaka mingi. Muda wote huo makampuni yalikuwa yanaifuata. Hata hivyo, mambo yalipofika mwisho, Bunge likiwa limekwisha kuipitisha, wakubwa wa makampuni hayo walikwenda Kinshasa tarehe 7 Machi 2018 kumwomba Rais Joseph Kabila asiitangaze sheria kama ilivyo. Walikaa naye saa nyingi. Siku mbili baadaye, tarehe 9 Machi, Rais akaitia sahihi. Waliambiwa kwamba shida zao zitaangaliwa wakati wa kuandika kanuni za kuitekeleza.

Kuna mafundisho mawili hapo. La kwanza: mlango wa mwisho ni mgumu, hata kwa mwenye mali na mawakili. La pili: baada ya sheria kuna karatasi nyingine, yaani kanuni za kuitekeleza. Hizo zilitoka kwa amri ya tarehe 8 Juni 2018. Kwa hiyo anayeshindwa kwenye sheria asirudi nyumbani kulala. Aulize: kanuni zinaandikwa na nani, na lini?

Na sisi wamama sheria hiyo inatuhusu nini? Inatuhusu sana. Ndani yake imeandikwa kwamba malipo ambayo makampuni yanatoa juu ya madini yanagawanywa: asilimia 50 kwa leta kuu, asilimia 25 kwa jimbo, asilimia 15 kwa komine, sekta au sheferi ambako madini yanachimbwa, na asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hayo, kampuni inatakiwa kutoa angalau asilimia 0,3 ya mapato ya mauzo yake kwa miradi ya wakaaji wanaoguswa na mgodi. Ile 15 inapofika komine, kuna mtu anaamua inafanya nini: gari la burgumesta, barabara, nyumba ya kuzalia au kisima. Uamuzi huo haufanyiki Kinshasa. Unafanyika karibu na nyumba zetu, na mara nyingi hakuna mama hata mmoja aliyekwenda kuuliza.

Sentensi moja iliyotunyang'anya

Sasa tutazame mambo ya wanawake wenyewe, tuone tulipofika mapema na tulipochelewa.

Februari 2002, kabla mazungumzo ya amani ya Sun City hayajafunguliwa kule Afrika Kusini, wanawake Wakongomani wa pande mbalimbali walikutana Nairobi, Kenya. Wengine walitoka upande wa serikali, wengine upande wa waliokuwa wakipigana nayo, wengine katika vyama vya raia. Walipatana juu ya mambo ya kudai pamoja, ili wakifika mezani wasiseme kila mmoja lake. Hiyo ndiyo maana ya kufika mapema: kupatana ninyi kwa ninyi kabla ya kikao cha wakubwa.

Miaka minne baadaye, Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 ikatoka na kifungu cha 14. Kifungu hicho kinaipa leta kazi ya kuondoa kila namna ya ubaguzi juu ya mwanamke, na kinasema mwanamke ana haki ya kuwa na nafasi sawa katika vyombo vya taifa, vya majimbo na vya mitaa. Ni neno kubwa. Wamama wengi walishangilia.

Lakini mwezi uliofuata, tarehe 9 Machi 2006, ikatoka sheria ya uchaguzi. Kifungu chake cha 13 kilisema orodha za vyama ziangalie usawa wa wanaume na wanawake. Halafu ikafuata sentensi nyingine, fupi tu: kutotimiza usawa huo si sababu ya kukataa orodha. Basi. Chama kingeweza kuleta orodha ya wanaume watupu na ikapokelewa. Katiba ilitupa kwa mkono wa kuume, sentensi moja ikachukua kwa mkono wa kushoto.

Mimi ni mwalimu wa lugha, na sentensi hiyo naifundisha kwa kila kundi la wamama linaloniita. Naiandika ubaoni. Nawauliza: nani aliandika neno "si sababu"? Aliliandika siku gani? Nani alikuwa chumbani? Huwa tunakaa kimya kidogo. Kushangilia katiba ni vizuri, lakini ilikuwa lazima mtu aketi karibu na wale walioandika sheria ya mwezi uliofuata.

Sheria ya kuweka usawa huo katika matendo haikutoka mpaka tarehe 1 Agosti 2015, zaidi ya miaka 9 baada ya katiba. Na kwenye uchaguzi, njia mpya ilipatikana katika sheria ya tarehe 29 Juni 2022: chama kinacholeta orodha yenye wanawake asilimia 50 au zaidi hakilipi dhamana ya uchaguzi. Angalieni ujanja wa jambo hilo. Leta haikusema tu "fanyeni vizuri". Imegusa mfuko. Anayepanga orodha ana sababu ya kututafuta. Kundi linalotaka kubadili jambo lijiulize hivyo hivyo: yule anayeamua atapata faida gani akitusikiliza?

Ruhusa ya bwana: miaka 29

Mfano wa pili uko ndani ya nyumba zetu. Kitabu cha Sheria za Jamaa cha tarehe 1 Agosti 1987, kifungu cha 448, kilisema bibi aliyeolewa lazima apate ruhusa ya bwana wake kwa kila mapatano ya kisheria yanayomfunga kufanya kazi fulani yeye mwenyewe. Mama angeweza kuwa na diploma, lakini kuingia kazini ni kwa ruhusa. Kitabu hicho hicho kilikubali msichana aolewe akiwa na miaka 15, na kijana mwanaume miaka 18.

Haikubadilika kwa siku moja. Wanawake wanasheria, vyama vya wamama na wabunge walirudia jambo hilo mwaka kwa mwaka. Sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 ilisogeza kwanza umri wa ndoa: miaka 18 kwa wote. Halafu tarehe 15 Julai 2016 Kitabu cha Jamaa chenyewe kikarekebishwa. Ruhusa ya bwana ikaondolewa. Sasa imeandikwa kwamba bwana na bibi wanapatana. Kutoka 1987 mpaka 2016 ni miaka 29. Aliyezaliwa wakati huo aliweza kuwa mama wa watoto watatu kabla sheria haijabadilika.

Na kazi haijaisha. Kifungu cha 444 bado kinamwita bwana mkubwa wa nyumba. Pia kuna ofisi ambako mfanyakazi, kwa kutojua, angali anamwomba mama barua ya bwana. Mama akiombwa hivyo, aulize kwa heshima: "Baba, ni kifungu gani kinachoniomba hiyo barua tangu 2016?" Kujua tarehe ya sheria ni silaha ndogo, lakini inaingia ndani ya kikapu.

Nasema hivi ili tusikate tamaa. Kazi ya kugeuza sheria ni kama kulima. Anayengoja kuvuna juma lijalo ataacha jembe. Lakini aliyepanda mapema anakula mbele ya jirani yake.

Milango minne

Makosa makubwa ya vikundi vyetu ni kubisha mlango usio wenyewe. Tunamwandikia Rais juu ya taka za soko, na tunamlilia shefu wa kartye juu ya bei ya mafuta. Basi tuikariri kama somo:

Mlango wa kwanza ni komine, sekta au sheferi. Hapo ndipo yanapoamuliwa mambo ya soko, usafi, njia ndogo, visima, na matumizi ya mapato ya mahali. Anayetia sahihi ni burgumesta au shefu.

Mlango wa pili ni jimbo. Gavana na mawaziri wake wanaandika arete. Bunge la jimbo linatunga sheria za jimbo, zinazoitwa edi. Malipo ya masomo, kodi za jimbo na barabara nyingi za jimbo ziko huko.

Mlango wa tatu ni wizara kule Kinshasa, zinazoandika kanuni na kutayarisha sheria.

Mlango wa nne ni Bunge la taifa na Seneti. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: kwa kifungu cha 130 cha Katiba, si serikali peke yake inayoweza kuleta sheria. Kila depite na kila senateri ana haki hiyo, hata kama ni mmoja. Kwa hiyo depite wenu akiwaambia "mimi sina uwezo, serikali ndiyo inaleta", mwambieni kwa upole kwamba kifungu cha 130 kinampa uwezo.

Saa ya kubisha

Mlango unaofaa, kwa saa isiyofaa, haufunguki. Leta ina majira yake kama shamba.

Bunge la taifa lina vikao viwili vya kawaida kwa mwaka: kuanzia tarehe 15 Machi mpaka 15 Juni, na kuanzia tarehe 15 Septemba mpaka 15 Desemba. Kikao cha Septemba ndicho cha bajeti. Serikali inatakiwa kuleta bajeti ya mwaka unaofuata si zaidi ya tarehe 15 Septemba. Maana yake, kabla ya siku hiyo wizara zimekwisha kuandika zinachotaka. Anayetaka nyumba ya kuzalia ya kartye yake iingie kwenye hesabu za mwakani, asingoje Oktoba. Aanze kuongea mwezi wa nne, wa tano, wa sita. Komine na jimbo vilevile zinatayarisha hesabu zao kabla mwaka haujaisha. Nendeni kwenye sekretaria, muulize tu: "Bajeti ya mwakani mnaanza kuiandika mwezi gani?" Swali hilo halina kodi.

Na malipo ya masomo? Wakati wake ni kuelekea mwisho wa mwaka wa masomo na likizo kubwa. Kamati ya wazazi ya masomo yenu ikutane mwezi wa tano au wa sita, ipatane juu ya bei ambayo watu wanaweza, na barua ifike kwa wajumbe wa wazazi wanaokwenda kukaa na gavana.

Mtaniuliza: kwa nini bajeti inasemwa sana hivi? Kwa sababu haki isiyo na pesa ni picha ukutani. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, ilikwisha kusema elimu ya msingi katika masomo ya leta ni ya lazima na ya bure. Hata hivyo, wazazi waliendelea kulipa prime ya walimu mpaka Septemba 2019, leta ilipoanza kuitekeleza. Miaka 13. Watoto wengi walikaa nyumbani katika miaka hiyo, na wasichana kwanza. Neno lilikuwepo katika katiba. Halikuwa na mahali pake katika hesabu.

Tena tusiseme kwamba wakaaji hawawezi kuingia kwenye hesabu. Katika Kivu ya Kusini, kuanzia karibu mwaka 2011, komine na sheferi fulani zilijaribu bajeti shirikishi: wakaaji waliitwa kwa ujumbe wa simu, wakakutana, wakachagua kazi zipi zitangulie. Jambo hilo lilifanyika katika nchi hii hii, na watu kama sisi.

Barua ya ukurasa mmoja

Sasa tufanye zoezi, kama darasani. Tuseme kuna soko lisilo na choo. Wamama wanaanza kuuza saa kumi na mbili asubuhi, wanarudi jioni, na mwenye mimba anateseka. Kila mtu analipa tike kila siku. Kundi linaweza kufanya mambo mawili. La kwanza, kupiga kelele siku ambayo mtoza kodi amemnyang'anya mtu kikapu. La pili, kuhesabu.

Tuhesabu basi. Ikiwa wauzaji ni 400 na tike ni franka 500, kwa siku moja soko linatoa franka 200 000. Kwa siku 26 za mwezi ni franka 5 200 000. Hizi ni namba za zoezi. Ninyi wekeni za soko lenu. Wamama wawili wahesabu meza, mwingine akusanye tike za juma zima na kuzitunza, mwingine aulize fundi choo cha milango minne kinagharimu nini. Mkimaliza, mna kitu ambacho burgumesta mwenyewe huenda hana.

Halafu andikeni barua. Ukurasa mmoja unatosha; mkubwa mwenye karatasi nyingi mezani hasomi kurasa tano. Iwe na mambo matano:

1. Sisi ni nani, tuko wangapi, tunafanya kazi wapi.
2. Tumeona nini na tumehesabu nini.
3. Tunaomba nini: jambo moja tu, si saba.
4. Pesa inaweza kutoka wapi. Kwa mfano, sehemu ya tike za soko kwa miezi mitatu.
5. Tunaomba kuonana nanyi siku gani.

Fanyeni nakala mbili. Moja inabaki ofisini. Nyingine ipigwe kashe ya kupokelewa, yenye tarehe, nanyi mwitunze. Barua isiyo na kashe ni kama mtoto asiyeandikishwa: yupo, lakini ofisi itasema haimjui.

Mkialikwa kuonana na mkubwa, msiende watu 40. Nendeni watatu au wanne: mmoja wa kusalimu na kueleza, mmoja wa namba, mmoja wa kuandika majibu. Msianze kwa kumshitaki. Mwiteni kwa cheo chake, mshukuruni kwa kuwapokea, kisha semeni jambo lenu bila kuzunguka. Mwisho muulize: "Mukubwa, tufuatilie kwa nani, na tarehe gani?" Jina na tarehe. Mkirudi bila hivyo viwili, mmekunywa soda tu.

Haki iliyoandikwa: kifungu cha 27

Ikiwa barua ya kwanza imelala, kuna ngazi nyingine. Kifungu cha 27 cha Katiba kinasema kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wengine, ana haki ya kupeleka ombi la maandishi kwa wakubwa wa leta, nao wanatakiwa kujibu ndani ya miezi mitatu. Kinaongeza kwamba hakuna anayeweza kushitakiwa, kwa namna yoyote, kwa sababu ya kufanya hivyo.

Someni tena maneno hayo mawili: miezi mitatu, na hakuna kushitakiwa. Mama anayeogopa kutia sahihi asomewe kifungu hiki kwa lugha yake. Asiyejua kuandika aweke kidole. Andikeni namba ya kifungu juu ya barua, na mhesabu miezi tangu siku ya kashe. Ikipita bila jibu, pelekeni nakala kwa depite wa jimbo au wa taifa na mwambieni: tuliomba siku hii, miezi mitatu imekwisha, tunaomba uulize kwa niaba yetu. Depite ana haki ya kuuliza serikali maswali. Mpeni swali lililo tayari, pamoja na kashe yake.

Mambo ya kujihadhari

*Msitumiwe.* Wakati wa kampeni vitenge ni vingi na ahadi ni tamu. Anayetaka kura zenu mpeni barua ile ile mliyompa mpinzani wake, mwombeni ajibu kwa maandishi. Kundi lililovaa rangi ya chama kimoja linapoteza nusu ya masikio.

*Msitoe "sukari".* Anayelipa ili asikilizwe leo atalipa tena kesho, na yule asiye na kitu atafungiwa nje. Nguvu yetu ni hesabu, wingi na kurudi bila kuchoka.

*Msiseme uongo, hata mdogo.* Mkisema wauzaji 1 000 na wakikuta 400, siku nyingine hamtaaminika hata mkisema jua linawaka.

*Mlindane.* Kuna mahali na nyakati ambapo kusema ni hatari. Jambo zito lipelekwe kwa jina la kundi, si la mama mmoja, na watu wanaoaminika wajue mnakwenda wapi na mnarudi saa ngapi. Mkitaka kufanya maandamano, Katiba, kifungu cha 26, inataka mjulishe wakubwa kwa maandishi kabla.

*Waiteni wanaume wanaofaa.* Bwana anayeelewa kwamba choo cha soko kinamlinda bibi yake ni mtetezi mzuri. Vilevile muuguzi, mwalimu, shefu wa avenyu. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Kazi ya mwezi huu

Kila kundi linaloisoma karatasi hii lifanye mambo manne mkutano ujao, kabla ya kugawanya pesa za likelemba.

Chagueni jambo moja linalowaumiza, moja tu. Andikeni ni mlango upi kati ya ile minne unaohusika. Ulizeni uamuzi wake unatiwa sahihi mwezi gani, na hesabuni nyuma miezi mitatu: hiyo ndiyo tarehe yenu ya kuanza. Halafu chagueni wamama watatu wa kufuata, na daftari moja ambamo kila safari ya ofisini inaandikwa: tarehe, tumemwona nani, amesema nini, turudi lini.

Daftari hilo litunzwe vizuri. Viongozi wa leta wanabadilishwa, na wa kundi pia wanabadilika. Mkubwa mpya akisema "mimi sikuambiwa", mfungulieni ukurasa. Na wasichana wetu watakaposhika kundi baada yetu, wasianze upya kama ambaye hajui. Waendelee pale tulipofika.

Kundi lisilo na mtu wa kuandika barua liulize kwenye masomo ya karibu. Walimu tupo, na kalamu tunazo.

Mbaki na amani, nyinyi na jamaa zenu.